Namna ya Kusoma Takwimu za Ajira Uchumi Unapobadilika

Ukitaka kujua kama muundo wa uchumi wa Tanzania unabadilika, anza kwa kutazama watu wanafanya kazi wapi, kisha ndipo utazame kasi ya ukuaji. Chukua taarifa ya Utafiti wa Nguvukazi inayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na takwimu za Pato la Taifa za mwaka uleule.

Kwa kila sekta, gawanya asilimia ya mchango wake katika pato kwa asilimia ya wafanyakazi wake. Kilimo huchangia takriban robo ya pato ilhali kimebeba zaidi ya nusu ya wenye kazi, kwa hiyo jibu lake huwa chini ya moja: tija ya mkulima, yaani thamani anayozalisha, iko chini ya wastani wa nchi. Madini hutoa jibu la kinyume. Tangu mgodi wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, dhahabu imekuwa miongoni mwa bidhaa kuu tunazouza nje, lakini migodi mikubwa hutegemea mitambo mingi na watu wachache. Sekta inaweza kunawiri bila kuajiri wengi, jambo ambalo hotuba za uchumi hulipitia juu juu mno.

Kazi kubwa ni kufuatilia walikoishia waliotoka katika sekta moja. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Baadaye nyuzi za sintetiki ziliteka soko la kamba, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu. Usiridhike kuona kwamba wakataji mkonge wamepungua. Uliza kama walipokewa na viwanda au waliingia katika vibarua na umachinga, kwa sababu mtu aliyeacha jembe akauza mitumba barabarani huhesabiwa katika biashara na huduma, hata kama kipato chake hakijaongezeka hata kidogo. Ndiyo maana majedwali ya ajira isiyo rasmi na ya kipato yasomwe sambamba na la sekta.

Kabla ya kulinganisha miaka, kagua fasili ya ajira, yaani nani anahesabiwa kuwa na kazi. Kwa kiwango cha kimataifa kilichopitishwa mwaka 2013, anayelima hasa kwa chakula cha kaya yake hahesabiwi kuwa na ajira; hivyo kilimo kinaweza kuonekana kimepoteza watu ambao bado wako shambani. Fasili zikitofautiana, tumia jedwali lililokokotolewa kwa fasili moja, na likikosekana, usitoe hitimisho lolote kuhusu mwelekeo wa miaka hiyo.