Jinsi ya kunogewa na mazoezi hadi mwili uyadai wenyewe

Nafundisha mazoezi watu wazima wanaoanza, na wengi wao walishawahi kuanza wakaacha. Karibu wote hunijia na imani moja, kwamba wamekosa nidhamu. Mimi naona walichokosa ni hamu, na hamu inatengenezwa. Mtu anayekimbia kila asubuhi miaka nenda miaka rudi hajilazimishi kila asubuhi. Hakuna mwenye ubavu wa kupigana na nafsi yake muda wote huo. Siku asipokimbia ndiyo siku anayohangaika, anakosa raha, na hata usingizi wake unakuwa wa mang'amung'amu. Hapo ndipo nataka ufike, kisha nitakuonyesha mahali pa kusimama usipitilize.

Kwa hiyo kipimo changu kwa anayeanza ni kimoja: baada ya zoezi la leo, atatamani kurudi? Jasho, kilo, kalori, mapaja kuuma, yote hayo nayaweka kando miezi miwili ya mwanzo.

Kipimo hiki kina namba zake. Wataalamu wa saikolojia ya michezo wanatumia mizani inayoanzia −5 hadi +5: −5 ni kujisikia vibaya sana, 0 ni kawaida, +5 ni raha tele. Nunua daftari dogo. Katikati ya zoezi jiulize uko kwenye namba gani, na ukimaliza, kabla hujaoga, iandike. Usiandike umekimbia umbali gani. Andika ulivyojisikia. Namba ikishuka chini ya 0 ukiwa katikati ya zoezi, punguza kasi papo hapo, hata kama mwenzako anazidi kuchanja mbuga. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaamini zoezi lisiloumiza halijafanya kazi, na imani hiyo imewarudisha watu wengi kwenye kochi kuliko uvivu ulivyowahi kufanya.

Kuna sababu ya kimwili. Ukitembea haraka au ukikimbia polepole, misuli inapata oksijeni ya kuitosha na unaweza kuongea sentensi nzima bila kuikata. Ongeza kasi, kuna mahali pumzi inabadilika: unahema, maneno yanatoka mawilimawili. Panteleimon Ekkekakis, mtafiti aliyefanya kazi Marekani miaka mingi, ameonyesha tena na tena kwamba chini ya mstari huo watu hutofautiana, wengine wanafurahi na wengine la, lakini ukishauvuka, karibu kila mtu huanza kujisikia vibaya. Anayeanza huuvuka mstari huo mapema mno. Kasi ambayo mzoefu anaiona ya kupasha misuli moto, kwake ni mateso. Basi jipime kwa kuongea. Kama uko peke yako, jisimulie kwa sauti utakachofanya ukifika nyumbani. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo silisikii likisemwa vya kutosha: maliza zoezi kwa ulaini.

Programu nyingi zimepangwa kinyume chake. Unaanza polepole, unaongeza, na dakika za mwisho kocha anapiga kelele "toa yote!" Unaondoka unayumba, na kumbukumbu unayobaki nayo ni ya kuyumba. Mwaka 2016 Zachary Zenko na wenzake walichapisha jaribio zuri sana. Watu waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa dakika 15. Kundi moja lilianza kwa wepesi na kumalizia kwa ugumu, jingine likaanza na ugumu na kushuka taratibu hadi wepesi. Kazi ilikuwa ile ile, ila imegeuzwa. Walioshuka ndio waliokumbuka zoezi kuwa la kupendeza zaidi, na ndio waliotarajia kulifurahia zaidi wakilirudia. Akili haijumlishi dakika zote sawasawa, na mwisho una uzito wake.

Nitakueleza ninavyolipanga. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa anapanda ngazi kama zoezi lake. Alikuwa anapanda, anashuka, anaongeza kasi, halafu mzunguko wa mwisho anaukimbia wote na kumaliza amejishika magoti, macho yameiva. Kila wiki alikuwa anapata udhuru wa kutokuja. Nikamgeuzia mpangilio: dakika 5 za kutembea kwenye tambarare, kisha dakika 8 za ngazi kwa juhudi kubwa kuliko zote za siku hiyo, kisha dakika 7 za ngazi moja moja huku akishika kingo, kisha dakika 5 za kutembea tu, mikono ikining'inia, pumzi ikirudi puani. Sikumwongezea wala kumpunguzia dakika hata moja. Nilisimama naye dakika zile za mwisho nikaona mabega yake yanashuka kutoka masikioni. Akaniambia, "Kocha, mbona leo naweza kurudia tena?" Nikamkataza. Hiyo hamu ya kurudia ndiyo nilitaka aende nayo nyumbani.

Hapo pana kanuni ya pili: acha ukiwa bado unataka. Ukiwa na nguvu ya dakika 30, fanya 25. Ongeza pale tu daftari linapoonyesha +2 au zaidi kwa wiki mbili mfululizo, na ongeza kitu kimoja, muda au kasi, visiende vyote pamoja.

Usishangae kama wiki za mwanzo hupati ile raha wanayoisimulia wakimbiaji. Zamani sifa zote zilikwenda kwa endofini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea za kutuliza maumivu, na zina sehemu yake: mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za ubongo wakimbiaji 10 kabla na baada ya kukimbia saa 2, wakaona dalili kwamba kemikali za jamii hiyo zimeachiliwa ubongoni, na aliyekuwa na dalili nyingi ndiye aliyesema amefurahi zaidi. Lakini wewe hutakimbia saa 2, wala sitaki ukimbie. Habari njema ni kwamba mwili una kemikali nyingine, endokanabinoidi, ambazo hupita kwa urahisi kutoka kwenye damu kwenda ubongoni. David Raichlen na wenzake waliwapima watu waliofanya mazoezi ya dakika 30 kwenye mashine ya kukimbilia kwa viwango tofauti. Juhudi ya wastani ndiyo iliyozipandisha. Kutembea kivivu hakukuzipandisha, na kujikamua hadi mwisho hakukuzipandisha. Kwa hiyo ile kasi ya "naongea sentensi, lakini siimbi" ndiyo inayokulipa pia kikemia. Jenga kwanza uwezo wa kukaa humo kwa nusu saa.

Muda wa siku. Chagua kitu unachokifanya kila siku bila kukosa, zoezi lifuate hapo hapo. Ukishapiga mswaki asubuhi, unavaa raba. Ukishaingia ndani kutoka kazini, unabadilisha nguo kabla hujakaa. Neno "kabla hujakaa" libebe kama lilivyo, maana kochi likishakupokea, zoezi limekwisha. Nguo ziwe zimetandazwa tangu usiku, soksi ndani ya viatu, na kama unaruka kamba, kamba iwe juu ya viatu. Kila kitu unachotakiwa kukitafuta ni nafasi ya kughairi.

Watu huniuliza itachukua muda gani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, UCL, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuanza kujiendesha yenyewe, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254, na mazoezi yalichelewa kuliko mambo mepesi kama kunywa maji. Usikate tamaa wiki ya nne. Katika utafiti huo huo, kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kinachoharibu ni ile hasira ya "nimeshakosa jana, basi tena".

Kuna wanaosaidiwa sana na masikio. Tafuta simulizi unayoipenda, ya kusikiliza, na ujiwekee sharti kwamba utaisikiliza ukiwa mazoezini tu. Ikifika pale mhusika anataka kufungua mlango, zima, urudi kesho kutwa kujua kilichokuwa nyuma yake. Katy Milkman na wenzake walijaribu jambo hili kwa watu wa jimu ya chuo kikuu huko Marekani, na mwanzoni waliofungiwa simulizi jimu walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wale ambao hawakupewa simulizi. Baada ya likizo katikati ya muhula, nguvu hiyo ikapungua sana. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba mapumziko yoyote, safari, ugonjwa, msiba, yanahesabika kama kuanza upya. Ukirudi, rudi na dakika chache, zoezi laini na simulizi mpya. Usijaribu kulipa deni la wiki ulizokosa.

Tafuta mwenzio ukiweza. Watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho, wakaona kwamba baada ya kupiga makasia pamoja waliweza kuvumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya kazi ile ile kila mtu peke yake. Sharti langu ni moja: mwenzio awe wa kasi yako. Mwenye mbio kuliko wewe atakuvusha ule mstari wa pumzi kila siku, kwa nia njema kabisa.

Nguvu za misuli zisisahauliwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Skwoti, pushapu za ukutani, kuinuka kitini bila kushika, vinatosha kuanzia. Misuli itauma siku ya pili, na pengine ya tatu. Hiyo ni kawaida, ila mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya zoezi kali, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu misuli iliyoharibika inaweza kuumiza figo.

Sasa tuseme umefanikiwa. Imepita nusu mwaka, mwili unadai. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hamu ikikomaa inaweza kugeuka kuwa bwana wako.

Mwaka 1970 Frederick Baekeland alitaka kujua mazoezi yanahusiana vipi na usingizi, akatafuta watu wa kuacha mazoezi kwa mwezi mmoja. Waliozoea kufanya karibu kila siku walikataa, hata alipowaahidi pesa nzuri. Ilibidi atumie wanaofanya siku 3 au 4 kwa wiki, na hata hao walilalamika usingizi umeharibika na wasiwasi umeongezeka. Uraibu wa mazoezi haumo kwenye orodha ya magonjwa ya akili ya DSM-5 iliyotolewa Marekani mwaka 2013, lakini mtu anayeteseka nao hangoji orodha.

Wingi wa saa pekee hauniambii kitu. Mwanariadha hufanya saa nyingi akiwa mzima wa afya. Ninaangalia mambo mengine: unakimbia ukiwa umeteguka kifundo au una homa. Unawaficha wa nyumbani. Unafanya ili "ufute" chakula ulichokula. Kiwango cha mwezi uliopita hakikutulizi tena. Na wewe binti, hedhi ikikatika kwa sababu mazoezi ni mengi na chakula ni kidogo, mtu asikwambie ni dalili ya ukakamavu. Mwili umeishiwa, na mifupa ndiyo itakayolipa. Wanaume nao huathirika, homoni hushuka, hamu ya tendo hupotea, ila kwao hakuna alama ya kila mwezi ya kuwaamsha.

Jipime hivi. Chukua siku 2 mfululizo za kupumzika ambazo hukuzipanga, hata wiki hii. Kutamani kukimbia ni sawa, hilo ndilo tulilolitafuta. Lakini ukiona unawakaripia watoto, huli kwa amani, au unafunga mlango wa chooni upige skwoti kwa siri, hapo una kazi ya kufanya. Badilisha siku moja ya zoezi kali iwe ya kutembea na mtu mnayeongea, bila saa mkononi. Acha kuhesabu chochote kwa muda, hata lile daftari liweke kabatini. Usipoweza, muone daktari au mshauri nasaha, umweleze zoezi, chakula na usingizi kwa pamoja, maana mara nyingi vitatu hivyo vimefungana. Akikuambia upumzike, muulize ni nini unaruhusiwa kufanya kipindi hicho, kisha ukifanye saa ile ile uliyozoea kuvaa raba.