Somo: Bunduki ya kwanza ya kuwindia kwa mwenye mfuko mwembamba

Wakuu, kiangazi kikikaribia swali ni lile lile: "Nina fedha kidogo, ninunue bunduki gani ya kuanzia?" Majibu nayo huja kwa majina. Mmoja anataja kiwanda cha CZ, mwingine Ruger, wa tatu anakuapia kwamba bila .375, risasi ile nene ya wanyama wakubwa, wewe si mwindaji. Mimi naanzia kwingine: chagua risasi kwanza. Bunduki rahisi inayokula risasi isiyopatikana dukani itakugharimu kuliko zote, na mwisho itabaki imefungiwa ndani kama suti ya harusi.

Hatua ya 1: Karatasi

Usitoe kishika uchumba kwa muuzaji kabla ya kibali. Hapa Tanzania umiliki uko chini ya Jeshi la Polisi na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa wako, kwa watu wanaokufahamu tabia, kisha yanapanda juu. Kuwinda ni kibali kingine kabisa, upande wa wanyamapori, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2009. Wapo watu wenye bunduki halali kabisa ambao wakikutwa porini na swala wanahesabiwa majangili, kwa sababu leseni ya kuwinda hawana. Kurunzi usiku, kufukuza mnyama kwa gari, sumu, nyaya na mashimo, vyote ni marufuku.

Hifadhi za Taifa hakuna kuwinda, iwe Ruaha au Kitulo. Na wazee wanaokusimulia raha za kuwinda Usangu wanasimulia ya zamani. Lile pori la akiba liliingizwa Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008.

Hatua ya 2: Mnyama gani, pori gani

Ukitafuta funo, pongo, swala pala au ngiri, huhitaji mzinga. Pofu ni habari nyingine: dume lililokomaa linaweza kupita kilo 700, na mwili mkubwa namna hiyo unataka risasi nzito inayoingia ndani. Mbogo anaanzia .375, hapo hakuna mjadala, na mtu anayeanza hana haraka ya mbogo.

Angalia na pori lenyewe. Kwenye miombo ya upande wa Rungwa mnyama unamwona karibu, mara nyingi ndani ya mita 100. Kwenye mbuga wazi atakuona yeye kwanza, na utajikuta unatamani mita 200. Zaidi ya hapo, kwa anayeanza, sogea au mwache aende.

Hatua ya 3: Risasi

Hapa ndipo pa kukaa. Zungukia maduka yenye leseni ya kuuza silaha, Iringa, Mbeya, na hata Dar ukipita, uliza maswali mawili tu: risasi gani mnazo leo, na gani hamkuishiwa mwaka jana? Andika. Orodha utakayotoka nayo ni fupi kuliko unavyodhani.

Kwa bunduki moja ya kazi nyingi mimi nabaki na .30-06. Imekuwapo tangu mwaka 1906, wawindaji wengi wa nchi hii wameishika, na ikibeba kichwa cha greni 180, yaani karibu gramu 11.7, inatosha kuanzia pongo hadi pofu kama umelenga panapotakiwa. .308 ya mwaka 1952 ni mdogo wake. Kichwa cha risasi kina kipenyo kile kile, ganda ni fupi, mwendo unapungua kidogo na teke pia linapungua. Kwa mwenye bega jepesi ningesema .308 bila kusita. Lakini kufanana huko kusikudanganye: kila bunduki ile risasi iliyoandikwa kwenye mtutu wake, basi.

.243 ya mwaka 1955 ni tamu kuipiga, teke lake ni kama nusu ya lile la .30-06, na swala pala haendi mbali. Ubaya wake, siku ukipata leseni ya pofu utaanza kuazima, na silaha haiazimwi kama jembe. .270 ya mwaka 1925 ni nzuri kwenye mbuga wazi. 7x57 ni ya kizee, ya mwaka 1892, bado inaua vizuri. Shida ni kuipata.

Vijana wananiuliza sana habari za 6.5 Creedmoor kwa sababu wameiona kwenye simu. Ni risasi nzuri, imetulia, haipigi teke kali. Sasa nenda dukani uiulizie, kisha urudi tuendelee.

Hatua ya 4: Bunduki yenyewe

Chukua ya bolti, ile ya kuvuta na kusukuma kwa mkono. Ni rahisi, ina vitu vichache vya kuharibika, na hata fundi wa kawaida anaielewa. Mtutu wa sentimita 56 unatosha, mrefu zaidi utakwama kwenye vichaka.

Kwa mpya za bei ya chini utasikia Savage Axis, Ruger American, Mossberg Patriot na Howa 1500 ya Japani. Kwao Marekani nyingi za aina hii huuzwa kati ya dola 400 na 600. Ikishavuka bahari, kodi na faida ya muuzaji, hiyo si bei tena. Zinapiga sawasawa kuliko bei yake, hilo siwanyimi. Ninachokilalamikia ni kwamba nyingi zinakuja bila vilenga vya chuma. Darubini ikigongwa kwenye gari, umebaki na fimbo.

Ndiyo maana mimi hupenda CZ 550 iliyotumika au Zastava M70 ya Serbia. Zote mbili zimefuata umbo la Mauser 98, bunduki ya zamani ya Kijerumani, zina ule ukucha mkubwa unaoshika ganda tangu linapoingia chemba hadi linapotoka, na mara nyingi vilenga vya chuma vipo. Ni nzito kidogo. Uzito huo huo unapunguza teke.

Kitako cha mbao au cha plastiki? Kwa watu wa Iringa na kushuka Pawaga, mbao haina neno. Kwa Makete, Njombe, Mufindi na Rungwe, kwenye ukungu na mvua zisizoisha, mbao isiyopakwa mafuta vizuri inavimba, inagusa mtutu, na risasi inahama. Plastiki haina sura lakini haivimbi.

Hatua ya 5: Kukagua iliyotumika

Kitu cha kwanza ni namba. Namba iliyochongwa kwenye bunduki iwe ile ile ya kwenye karatasi za mwenye mali, herufi kwa herufi. Ikiwa imesuguliwa au imechongwa upya, aga uende, na usiguse tena.

Kisha hakikisha haina risasi. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, utazame ndani ukianzia nyuma. Unataka kuona mifereji yenye kingo kali na chuma kinachong'aa. Madoadoa meusi machache si msiba. Mashimo ya kutu kama uso wa ndui ni sababu ya kuondoka. Pitisha kidole mdomoni mwa mtutu: pakiwa pamebonyea au pana mkwaruzo, risasi haitatoka sawa, ingawa hilo fundi mwenye mashine anaweza kulirekebisha.

Rudisha bolti, funga, weka sefti, yaani kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio. Isifyatuke. Achia, kisha ondoa sefti bila kugusa kifyatulio. Ikifyatuka yenyewe hapo, hiyo bunduki ni hatari na hainunuliwi mpaka itengenezwe. Piga kitako kwa kiganja bolti ikiwa imefungwa na sefti imeondolewa, kisichokuwa salama kitajitangaza. Angalia na ufa nyuma ya mkia wa mtambo, pale kitako kinapoanza kuwa chembamba. Mbao nyingi zinapasukia hapo.

Muuzaji akikataa usiikague, amekwisha kukujibu.

Hatua ya 6: Darubini

Ya kukuza mara 3 hadi 9, lenzi ya milimita 40. Imetosha. Usinunue ile ya bei ya soko la Kariakoo iliyotengenezwa kwa bunduki ya upepo, teke la .30-06 litaivuruga ndani. Pete na vishikio viwe vya chuma, vikazwe kwa kipimo, na jicho likae karibu sentimita 9 kutoka kioo. Likisogea karibu zaidi, darubini itakuchora nyusi.

Hatua ya 7: Kuilenga

Fanyia kwenye uwanja unaoruhusiwa, wenye kingo ya udongo nyuma ya shabaha. Risasi ya .30-06 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4, na Nyanda za Juu hizi kila ng'ambo ya kilima kuna mtu analima viazi. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga tatu, subiri mtutu upoe, rekebisha, rudia. Kwa mita 100 risasi ziguse sentimita 4 au 5 juu ya katikati. Hapo mpaka mita 200 utalenga mahali pale pale bila mahesabu. Tumia aina ile ile ya risasi utakayokwenda nayo porini. Na kwa kuwa risasi hununuliwa kwa kibali na kwa idadi, tenga za mazoezi tangu mwanzo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mafinga: Shikamoo mzee. Marehemu baba ameacha bunduki ndani, karatasi zina jina lake. Naweza kuitumia wakati naandaa maombi yangu?

Marahaba kijana, na pole. Hapana. Kibali kilikuwa cha baba, hakirithiwi pamoja na nyumba. Toa taarifa polisi, ikabidhi pamoja na risasi na karatasi zake, upewe maandishi ya makabidhiano, kisha uanze maombi kwa jina lako. Ukikaa nayo kimya, kila mwezi unaopita unakupa maelezo magumu zaidi.

Njombe: Kaka, mimi ni mwanamke, si mrefu. Kila bunduki naiona ndefu, shingo inavutika kutafuta darubini.

Dada, kitako ndicho kirefu, si wewe. Vingi hutengenezwa karibu sentimita 35 kutoka kifyatulio hadi begani. Tafuta zile zinazouzwa na kitako kifupi, au fundi mzuri wa mbao apunguze sentimita 2 au 3 na kurudisha mpira wa nyuma. Pima umevaa koti zito, maana Njombe ya Julai huwindi na fulana. Na chukua .308.

Tukuyu: Kutu inanimaliza, napaka mafuta kila wiki.

Tatizo huenda si mafuta. Bunduki iliyotoka kwenye baridi ukiiingiza ghafla kwenye nyumba yenye moto, inatoa jasho. Iache ndani ya mfuko wake mpaka ipate joto la chumba, kisha ifute, pitisha kitambaa ndani ya mtutu, upake mafuta mepesi. Usiihifadhi ndani ya mfuko huo, unashika unyevu. Sanduku la chuma lenye kufuli, risasi kwingine.

Mbarali: Nguruwe pori wanamaliza mahindi. Nikishapata bunduki nawapiga tu shambani kwangu, au?

Shamba ni lako, nguruwe ni wa serikali. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya kupitia kijiji, wao ndio wenye utaratibu wa wanyama waharibifu.

Tunduma: Mkuu, kuna jamaa anauza .375 nusu bei, anasema karatasi zitafuata.

Hazitafuata. Hiyo ni kesi, tena ya kufungwa.

Makambako: Kwa nini nisianze na .375 moja kwa moja, iwe ya wote, swala mpaka mbogo?

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo vizuri. Lakini teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, na anayeanza akishaliogopa anafumba macho kabla ya kuvuta. Tabia hiyo kuitoa ni kazi. Risasi zake nazo ni ghali, kwa hiyo hutafanya mazoezi.

Iringa mjini: Nikilenga huku juu, mita 1,600 na ushee, halafu nishuke bondeni kwenye hewa nzito, si risasi itashuka?

Itashuka, ila kwa mita 200 huioni, haifiki sentimita moja. Kinachokuharibia ni barabara. Siku nzima ya makorongo nyuma ya gari inalegeza skrubu za darubini kuliko hewa yoyote. Mkifika kambini, kwa ruhusa ya askari wa wanyamapori mliye naye, piga moja au mbili kwenye karatasi kwa mita 100. Zikitoka nje, kaza skrubu kwanza kabla ya kugusa virekebishio vya darubini.