Kijiti kimoja, somo la mwaka mzima

Walimu wenzangu wa Uganda, kabla ya kuchora Dunia na Jua ubaoni, simikeni kijiti cha mita 1 uwanjani. Ning'inizeni uzi wenye jiwe pembeni yake mhakikishe kimesimama wima, maana kikiinama kidogo tu vipimo vinaharibika. Kuanzia saa sita mchana, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5. Hapa Kampala kivuli kifupi kabisa huja karibu na saa saba, kwa sababu saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye 32 na nusu hivi. Waacheni wabishane kwanza kabla hamjawaeleza!

Rudieni kila mwezi, palepale. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, kama sentimita 43. Desemba huelekea kaskazini. Karibu na Machi 20 na Septemba 23 kinakaribia kutoweka. Mtoto wa London haoni hilo hata siku moja, ilhali wetu wa Kayabwe, pale ikweta inapopita, wanalipata bure. Jua lenyewe wasilitazame; watazame kokoto.