Kumaliza chawa kichwani kwa watoto bila kuwanyoa: siku 17, kitana cha chuma na mafuta ya mise

Chawa ninaowaongelea hapa ni wale wa kichwani wanaonyonya damu, sio wale wa mjini wanaosifia mabosi, hao dawa yao sina.

Juzi nimemaliza kumsaidia wifi yangu hapa Mwanga, Kigoma. Ana watoto watatu: wa kiume mmoja, binti wa miaka sita mwenye nywele zake nzuri hataki hata kusikia neno mashine, na kitoto cha mwaka na nusu. Alinijia usiku kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, ananong'ona kama anakuja kukopa, "wifi, wanangu wana wadudu kichwani." Nikacheka, maana mwaka juzi mimi mwenyewe yalinikuta, na walinirudia mara mbili, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia kwa usingizi wangu.

Hatua ya 1. Kama mtoto ni wa kiume, au ni wa kike na hana neno, mnyoe kwa mashine mpaka chini. Chawa bila unywele wa kushikilia na kutagia hana maisha. Huyo umemaliza naye, tuendelee na wenye nywele.

Hatua ya 2. Hakikisha ni chawa kweli

Watu wengi wanatibu mba. Mkalishe mtoto juani au washa tochi ya simu, fungua nywele nyuma ya masikio na kisogoni juu kidogo ya shingo, hapo ndo makao makuu. Chawa mkubwa analingana na punje ya ufuta, ana rangi ya kahawia kahawia, na anakimbia mwanga kwa hiyo usitegemee kumuona kirahisi. Mayai ndo utayaona, madogo sana, yamekaa upande mmoja wa unywele karibu na ngozi. Sasa jaribu kulisukuma kwa kucha. Mba unapeperuka au unateleza, yai la chawa halitoki, limegandishwa kama kwa gundi. Yale meupe yaliyo mbali na ngozi mara nyingi ni maganda matupu, watoto walishatoka zamani.

Alafu kitu kimoja kilichonifumbua macho: mtoto akipata chawa kwa mara ya kwanza, kuwashwa kunaweza kuchukua wiki nne mpaka sita kuanza. Yaani unapomuona anajikuna, wageni wana mwezi ndani. Wifi alikuwa hasalimiani na jirani kwa sababu mtoto wa jirani alikuja kucheza Jumamosi na Jumatatu binti akaanza kujikuna. Nikamwambia nenda kaombe radhi, hesabu zako haziendi.

Na usafi hauhusiani. Chawa haruki wala hapai, anatembea tu kutoka kichwa kwenda kichwa, na watoto wetu wanalala watatu godoro moja na wanaangalia katuni kwenye simu moja vichwa vimegusana kama mafiga. Mama mkwe wa wifi alishaanza kulia kwamba chawa wanaua, na hajatunga, hapo jirani Burundi miaka ya 1990 wakati wa vita watu kweli walikufa kwa homa iliyobebwa na chawa, ila wale ni chawa wa mwilini wanaoishi kwenye nguo. Huyu wa kichwani ni kero tu na vidonda vya kujikuna.

Hatua ya 3. Kagua nyumba nzima usiku huohuo, baba akiwemo, dada wa kazi akiwemo, na wewe mwenyewe mwombe mtu akukague. Atakayeonekana naye anaanza siku moja na wenzake.

Hatua ya 4. Dawa

Nenda famasi, uliza losheni ya permethrin asilimia 1 ya nywele. Unaosha nywele kwa shampuu ya kawaida isiyo na kondishena, unakausha na taulo, unapaka mpaka kwenye ngozi, unasubiri dakika 10, unasuuza, na siku moja mbili zinazofuata usioshe tena. Ukiikosa watakupa ile BBE (benzyl benzoate) nyeupe ya upele, inafanya kazi ila inachoma, machoni ni balaa, na kwa mtoto inabidi kuchanganywa na maji kwa hiyo mwambie mfamasia umri wa mtoto na akuandikie kipimo kwenye chupa, usiende kukisia nyumbani. Mwenye vidonda kichwani mpeleke kwanza zahanati. Kitoto cha chini ya miaka miwili mimi sikipaki dawa yoyote bila daktari kusema, ni kitana tu, na bahati nzuri nywele zao ni laini.

Mafuta ya taa hapana. Najua bibi zetu walipaka na sisi tupo, lakini yanaunguza ngozi, mtoto akiyavuta mapafuni ni hospitali, na jikoni kuna moto. Dawa ya kunguni hapana. Dawa ya kuogeshea ng'ombe hapana, na nashangaa kwamba inabidi niiandike.

Hatua ya 5. Kitana. Hapa soma taratibu

Kosa langu la kwanza mwaka juzi lilikuwa kuamini dawa. Nilipaka, asubuhi nikakuta maiti za chawa kwenye mto, nikafurahi, jioni nikampeleka mtoto kusuka rasta. Wiki mbili baadaye anajikuna juu ya rasta za watu. Permethrin inaua chawa walio hai, mayai yaliyogandia inayaacha, na yai linaanguliwa ndani ya siku 7 mpaka 10. Kwa hiyo ukipaka mara moja umeua wazazi umeacha watoto, na jike moja linataga mayai kama 6 mpaka 8 kwa siku.

Kosa la pili, nikanunua kile kitana cha plastiki cha pande mbili. Kiangalie juani, utaona mwanga unapita kati ya meno, na ukikipitisha kwenye nywele zetu hizi meno yanapanuka zaidi, chawa anapita katikati anakupungia mkono. Nilichana na kile kitana siku tisa nikiwa najidanganya. Tafuta cha chuma, meno marefu yaliyobanana kabisa, mimi nilikipata kwa muuza urembo pale sokoni Mwanga baada ya kuzunguka sana. Kwenye hili sibishani na mtu, bila kitana cha chuma usianze.

Sasa mafuta. Wenye vitabu wanasema tumia kondishena nyingi kwenye nywele mbichi, na ni sawa, lakini sisi watu wa Kigoma tuna mise, mafuta ya kiini cha kokwa ya mchikichi, na kwa nywele zetu mi naona inashinda kondishena zote. Mise, sio mawese! Mawese ni ya maharage, ukiyapaka kichwani mito na mashuka yote yatakuwa mekundu. Na tuelewane, mise haiui chawa. Inamfanya aishiwe mbio, na inafanya kitana kiteleze bila mtoto kupiga kelele. Harufu yake utaizoea. Siki pia niliijaribu kwa sababu dada mmoja aliniapia kwamba inayeyusha ile gundi ya mayai, gundi haikuyeyuka, ilichofanya ni kuchoma mikwaruzo ya mtoto akanikimbia mpaka kwa bibi yake.

Utaratibu wenyewe: fumua kila kitu, hakuna kuchana chawa juu ya mabutu. Kaa uani saa nne asubuhi jua likiwa limekaa vizuri, mtoto kwenye mkeka katikati ya magoti yako, katuni kwenye simu (simu ijae chaji, nimekuambia). Paka mise mpaka nywele zilowe kabisa. Pitisha kwanza chanuo la meno mapana uondoe mafundo yote, ukiruka hapa kitana cha chuma kitakwama na mtoto hatakupa nafasi ya pili. Gawa nywele mafungu mafungu, mengine bana na vibanio, fungu unaloshika lisizidi upana wa kidole. Weka kitana kiguse ngozi, KIGUSE, alafu vuta mpaka ncha. Kila ukivuta futa kwenye tishu nyeupe uangalie kilichotoka, alafu rudia fungu hilohilo kutoka upande mwingine, juu, chini, kulia, kushoto. Mimi natembea kutoka shingoni kwenda utosini.

Kwa nywele ngumu zilizojikunja sana kitana kinaweza kugoma kabisa kupita hata na mise. Usivute kwa hasira. Hapo unafanya kwa mkono: shika unywele mmoja, bana yai kati ya kucha ya gumba na ya kidole cha shahada, livute mpaka mwisho wa unywele. Likigoma kata unywele huo mmoja kwa mkasi mdogo, hakuna atakayejua. Na siku ya kwanza usitake kumaliza mayai yote, utachanganyikiwa. Kichwa cha binti wa wifi kilituchukua saa mbili na nusu, tukipokezana, na kwenye tishu ya tatu alitoka jike limejaa damu mpaka tumbo limekuwa jeusi, wifi akatupa tishu na kitana pamoja, ikabidi tutafute kitana kwenye majivu.

Ukimaliza osha mise kwa sabuni mara mbili, chemsha maji utumbukize kitana. Siku ya dawa anza na kitana, ukishaosha mise ndo upake dawa, maana baada ya dawa huoshi tena.

Hatua ya 6. Kalenda

Unachana siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, alafu siku ya 17 unakagua. Waingereza ndo wanafundisha hivi na hesabu yake imekaa vizuri: kila siku nne unawakamata walioanguliwa kabla hawajakua wakataga. Siku ya 9 ndo unarudia na dawa pia, kwa ulioanza nao kwa dawa. Siku ya 5 nyumba nzima itakuwa imechoka na utaambiwa "mbona hajikuni tena." Usisikilize. Weka alamu kwenye simu, na andika kwa peni kwenye kalenda ya ukutani, wifi aliandika "WADUDU" kwa herufi kubwa mpaka mgeni akauliza.

Hatua ya 7. Mashuka, foronya, mitandio na kofia za madrasa zilizotumika siku mbili za nyuma, loweka maji ya moto uanike juani. Godoro toa nje, basi. Chawa akianguka kutoka kichwani hamalizi siku mbili, hana pa kunyonya, kwa hiyo acheni kuchoma magodoro. Visivyofulika funga kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili.

Shule mtoto anaenda kama kawaida, ila mwalimu wa darasa mwambie pembeni ili na wazazi wengine wakague, usione aibu, ukinyamaza utarudishiwa mwezi ujao.

Siku ya 17 tulimkagua binti na wifi, mise nyingi, tishu nzima nyeupe tupu. Wifi akaniuliza kama anaweza kumpeleka kusuka. Nikamwambia mpeleke, ila beba kitana chako mwenyewe, kile cha msusi kimepita vichwa vya Mwanga yote.