Jua kinacholiwa nyumbani kabla hujamwita mnunuzi wa mahindi

Huku Ruvuma malori ya wanunuzi huanza kuingia vijijini mahindi yakiwa bado yananukia shambani. Mimi ni mtunza ghala wa chama cha msingi wilayani Songea, na kila msimu nawaambia wanachama jambo moja: gunia lisipakiwe kwenye lori kabla hujajua nyumba yako itakula nini mpaka mavuno yajayo.

Wazazi wetu waliuza katika utaratibu mwingine kabisa. Katika miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Namtumbo alilipwa sawa na aliyekaa karibu na Dar es Salaam, na mbolea ilikuwa na ruzuku. Ndiyo maana mahindi yakawa zao la fedha Ruvuma na Rukwa, mbali kabisa na walaji wa mjini. Kuanzia 1984 biashara ya nafaka ikaanza kufunguliwa kwa watu binafsi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua. Tangu hapo bei inafuata umbali na msimu. Inashuka Julai ghala zikiwa zimejaa, inapanda Januari hadi Machi, na wakati huo wengi wetu ndio tunanunua mahindi kama yale tuliyoyauza. Hasara hiyo inaniuma kuliko ukame, kwa sababu tunaweza kuizuia.

Hesabu ya chakula

Usikadirie kwa macho. Peleka debe moja mashineni, andika tarehe ukutani, kisha andika tarehe unga ulipokwisha. Tuseme debe limekaa siku 8. Kwa siku 365 unahitaji debe 46 hivi, na kwa kuwa gunia la kilo 100 huchukua kama debe 6, hayo ni magunia 8 kasoro kidogo. Andika 8. Ongeza moja la wageni, misiba na vibarua wa palizi. Kama mnakoboa, pima kwa sembe hiyohiyo mnayokula, maana dona hukaa muda mrefu zaidi na hesabu itakudanganya.

Fanya hesabu hii baba na mama mkiwa pamoja. Anayepika ndiye anayejua debe linaishaje, na mara nyingi haulizwi gunia linapouzwa.

Kukausha na kuhifadhi

Hapa ndipo chakula kingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Mahindi mabichi yaliyogusa ardhi hupata ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizovunda zitenge. Usimpe hata kuku.

Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado ni mwingi, rudisha juani. Isiponata, anika tena siku moja au mbili, kwa sababu kipimo hiki hukuonyesha kwamba umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na kwa kuhifadhi tunataka 13.5 au chini yake.

Pukuchua mapema. Dumuzi, yule mdudu aliyeonekana kwanza Tabora na wakulima wakambatiza jina la Scania, hupenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Mimi napendelea mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa kuliko dawa ya unga: mdudu hufa kwa kukosa hewa, na chakula hakina sumu. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, panga juu ya chaga mbali na ukuta, usifungue kwa wiki kadhaa. Vidonge vya kufukizia visiingie kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua.

Kuuza ziada

Kilichobaki baada ya chakula ndicho cha sokoni. Kigawe mafungu mawili: la kwanza liuzwe sasa kulipa ada na madeni, la pili lisubiri. Sikushauri usubirishe ziada yote mpaka Februari. Serikali ikitoa akiba yake sokoni au mipaka ikibanwa, bei huanguka ghafla. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, akifungua kituo karibu, linganisha bei yake na ya mnunuzi wa kijijini baada ya kutoa nauli. Yeye hukataa mahindi machafu au yenye unyevu, kwa hiyo chekecha kabla ya kukodi gari.

Uza kwa mzani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hairuhusiwi kisheria, na kila kilemba cha gunia ni ugali wa watoto wako unaoondoka bure. Mnunuzi akikataa mzani, mwache aende, hata kama jirani anampakia.

Na kama una shamba la kutosha, tenga sehemu ya ufuta, soya au mbaazi iwe ya fedha, ili shida ya Agosti isiguse mahindi. Ruzuku ya mbolea nayo imerudi, lakini inahitaji uwe umeandikishwa, hivyo hakikisha taarifa zako ofisi ya kijiji mapema, mvua zikiwa bado mbali.

Tarehe 1 Januari hesabu magunia ya chakula. Kwa nyumba ya mfano wangu, ikiwa mlianza kula Julai, yawepo 4 kamili, na juu ya hayo lile la wageni, kama bado halijatumika. Yakipungua, jaza kwanza kutoka fungu la pili, kisha ndipo upige simu kuuliza bei.