Umati unaupenda mchoro, wahakiki wanauponda (au kinyume chake): jinsi ya kuamua mwenyewe

Ukifuatilia uchoraji wa siku hizi hii hali utakutana nayo tu. Mchoro una malaiki kibao, watu wananunua mabango yake na kadi zake, alafu wahakiki wanaandika kwamba hauna kitu. Au inageuka, turubai kubwa yenye mistari mitatu inasifiwa na wataalam huku watu wengine wote wanauliza hata mtoto si angeweza kuchora hii. Wengi wanaishia kuchagua upande, ama wanasema wahakiki wanajidai tu ama wanasema umati haujui kitu, na ukishachagua upande hauangalii tena mchoro, unaangalia nani kasema nini. Mi nataka uache kuchagua upande, uangalie.

Anza na macho kabla ya maneno. Usisome kapsheni, usisome komenti, usisome uhakiki, usitafute bei. Kaa na mchoro dakika tano kamili. Najua ni ndefu, watafiti waliwahi kupima watu ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, matokeo yalitoka 2001, wastani ulikuwa kama sekunde 27 kwa kila mchoro na nusu ya waliopimwa hawakuzidi sekunde 17, na hiyo ilikuwa michoro maarufu kabisa. Kwa sekunde 17 unachoweza kufanya ni kutambua picha ni ya nini tu, hujafika hata kwenye jinsi ilivyochorwa. Dakika ya kwanza ukiona inachosha vumilia, dakika ya tatu ndo macho yanaanza kuzunguka yenyewe na kukuta vitu.

Ukimaliza andika sentensi mbili, na usizichanganye. Moja inasema kama unaupenda au huupendi na kwanini. Ya pili inasema mchoraji kafanya nini hapo kwenye turubai, bila kupenda wala kuchukia. Hapa ndo ugomvi mwingi unapozaliwa, mtu mmoja anaongelea sentensi ya kwanza na mwenzake anajibu kwa ya pili, wanabishana wiki nzima na hawaongelei kitu kimoja.

Chukua The Singing Butler ya Jack Vettriano, Mskoti aliyejifundisha kuchora mwenyewe. Aliichora 1992, Royal Academy ya London, taasisi kongwe ya wasanii, ikaikataa kwenye maonyesho yake ya kiangazi, alafu 2004 ikauzwa mnadani kwa pauni 744,800 na nakala zake zikawa kati ya zilizonunuliwa sana Uingereza. Wahakiki walimponda vibaya. Ukiiangalia unaona wawili wanacheza dansi kwenye mchanga mbichi wa ufukweni, mwanamke ana gauni jekundu na glavu ndefu, upande huu na ule wapo mtumishi wa kike na wa kiume wameshika miavuli, anga la kijivu, upeo wa macho uko chini kabisa. Sasa tulia, angalia nyuso za hao wawili. Hazionekani vizuri. Hapo tayari una kitu cha kusema ambacho ni chako, kwamba kwa sababu sura zimefichwa mtu yeyote anaweza kujiweka pale, na hiyo ni sababu halali kabisa ya watu kuipenda, sio ujinga. Sogea kwenye jinsi watu walivyosimama, utaona wamekaa kama wamepozi, na mwaka 2005 ilikuja kujulikana kwamba maumbo yale yalitoka kwenye kitabu cha picha za mfano wanachotumia wachoraji. Kwa hiyo mhakiki akisema watu wake wamekakamaa hajatunga, kuna kitu kakiona. Unaona? Wote wawili wana ushahidi, ila kila mmoja anaangalia sehemu yake. Wewe ndo unaamua kipi kina uzito kwako, lakini sasa unaamua ukiwa umeona.

Baada ya hapo ndo usome, na usome ukitafuta kidole. Namaanisha hivi, kila sentensi ya mhakiki iulize inanyooshea kidole wapi kwenye turubai. Akisema rangi ya kivuli ni ileile kila mahali bila kujali mwanga unatoka wapi, nenda kaangalie, ni kweli au sio kweli. Akisema tu ni kazi ya bei rahisi, haina roho, ya kibiashara, hajanyooshea kitu chochote, hiyo unaweza kuipita bila hatia. Na komenti za mashabiki uzipime hivyohivyo. "Imenitoa machozi" ni taarifa kuhusu yeye, nzuri, lakini "huyu mama mkono wake umeshika kikombe kama anaogopa kukidondosha" hiyo ni taarifa kuhusu mchoro na mara nyingi inatoka kwa mtu wa kawaida kabisa. Mi naheshimu komenti kama hiyo kuliko kurasa mbili za maneno magumu.

Usije ukadhani wahakiki hawadanganyiki. Mwaka 1964 huko Göteborg, Sweden, zilionyeshwa kazi za mchoraji aliyeitwa Pierre Brassau na mhakiki mmoja akazisifu, kumbe ni sokwe, mwandishi wa habari aliandaa mtego. Kisa hiki kinapendwa sana na wanaosema sanaa ya dhahania, ile isiyochora kitu unachokitambua, ni utapeli. Lakini jamani kiangalieni na upande wa pili, kwenye kundi hilohilo alikuwepo mhakiki aliyesema ni sokwe tu anayeweza kufanya kitu kama kile. Na 2011 ulichapishwa utafiti ambao watu waliwekewa michoro miwili miwili, mmoja wa mchoraji wa dhahania anayejulikana na mwingine wa mtoto au mnyama, na waliwatambua wachoraji kama mara 60 hadi 70 kwa kila 100, hata wale ambao hawajasomea sanaa. Sio kila mara, ila ni zaidi ya kubahatisha. Kwa hiyo ile "mtoto wangu angeweza" ina majibu, na macho yako ya kawaida yanajua zaidi ya unavyoyapa sifa.

Kitu kingine, usihukumu turubai kubwa kwa simu. Hili nalisisitiza kwa sababu siku hizi karibu kila ugomvi wa michoro unafanyika juu ya picha ya ukubwa wa kiganja. Voice of Fire ya mchoraji Mmarekani Barnett Newman ni mstari mwekundu katikati ya miwili ya bluu, ndo basi, na mwaka 1990 ilipojulikana kwamba jumba la taifa la sanaa la Canada limeinunua kwa dola za Canada milioni 1.76 nchi iliwaka. Kwenye simu ni kama bendera. Lakini ina urefu wa mita 5.4, ukisimama karibu huoni mwisho wake bila kuinua kichwa, na nyekundu ikikaa kati ya bluu mbili kwa ukubwa huo macho hayatulii. Unaweza ukasimama mbele yake na bado ukasema pesa nyingi hizo, sawa, lakini utakuwa unakataa mchoro na sio picha ya mchoro.

Huyohuyo Newman ana turubai nyingine, nyekundu karibu yote, pana zaidi ya mita 5, ilichanwa kwa kisu kwenye jumba la makumbusho la Stedelijk la Amsterdam 1986. Ikapelekwa kutengenezwa, iliporudi 1991 watu walioizoea wakasema imekufa, nyekundu imelala, na maabara ikaonyesha eneo jekundu limepakwa upya. Fikiria hapo. Mtaalam wa kutengeneza michoro, nyekundu moja tu, na bado haikurudi ilivyokuwa. Ukitaka kujua kwanini mhakiki anaongea dakika kumi kuhusu "rangi moja tu" jibu liko hapo, kwenye matabaka ya rangi na jinsi brashi ilivyopita, na hakuna simu inayoonyesha hiyo.

Sasa hatua ambayo mi naiona kubwa kuliko zote, rudi. Rudia mchoro uleule wiki ijayo, mwezi ujao. James Cutting, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Cornell cha Marekani, aliwaonyesha wanafunzi darasani michoro ya Kifaransa ya karne ya 19, isiyojulikana sana akawa anairudisha mara nyingi bila kusema chochote, na mwisho wa kozi ule upendo wao wa kawaida kwa michoro maarufu ukapungua mpaka ukaisha. Yaani kuonekana mara nyingi peke yake kunatengeneza ladha. Hii inawagusa umati na wahakiki pamoja, kwa sababu michoro inayojaa kwenye vitabu ni ile iliyowahi kuingia makumbusho, na kuingia makumbusho mara nyingine ilikuwa ni bahati ya nani alimrithisha nani.

Lakini kuna jaribio lililofuata, likachapishwa 2013, watafiti wengine wakatumia michoro ya Thomas Kinkade, yule mchoraji Mmarekani wa vijumba vyenye madirisha yanayong'aa ambaye wahakiki hawakumtaka na nyumba nyingi za Marekani zilimtaka. Kadiri walivyoiona mara nyingi upendo wao ulishuka, wakati kwa Millais, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, haukushuka kwa kiasi cha maana. Ni jaribio moja, usilibebe kama sheria. Ila kama njia ya kupima ni nzuri mno, ukirudi mara kadhaa mchoro ama unaendelea kukupa ama umeshamaliza kukupa mara ya kwanza, na hilo hakuna mhakiki wala umati anayeweza kukuambia, ni lazima urudi mwenyewe.

Bei iweke pembeni kabisa. Bei sio kura ya watu na sio maoni ya wahakiki, ni wanunuzi wachache wenye pesa, na kuna wachoraji vijana walipaa minadani miaka ya 2010 na baadae bei zikaporomoka bila watu wa kawaida wala wahakiki kuhusika sana.

Na usimwamini anayesema anajua "watu wanataka nini". Wachoraji wawili, Komar na Melamid, walifanya kura ya maoni kwa Wamarekani 1,001, wakauliza rangi gani, mada gani, ukubwa gani, alafu wakachora kilichoombwa: mandhari ya bluu, ziwa, swala, familia inatembea, George Washington kasimama hapo katikati. Kila kitu kilichotakiwa kipo na picha haina mtu wa kuipenda.

Ukishafanya yote hayo na bado unaupenda mchoro ambao wahakiki wanauponda, andika hivyo hadharani, lakini taja sehemu. Kona gani, rangi gani, mkono gani. Na akija mtu kukujibu kwa kusema tu huna ladha, muulize anaongelea sehemu gani ya turubai na umsubirie ajibu.