Kufufua boti ndogo ya zamani ya mwendo kasi: kutoka ukuta wa tezi hadi kimo cha mashine

Boti ndogo za faibaglasi za miaka ya 1960 na 1970, za mita 4 hadi 5, ziliundwa nyepesi makusudi. Wepesi ndio utamu wake, na ndio sababu kasoro ambayo boti nzito ingeivumilia humtupa mtu majini hapa. Wengi huanza na rangi. Rangi ni kazi ya mwisho kabisa.

1. Gonga kabla ya kununua chochote

Ukuta wa tezi, yaani ule wa nyuma unaobeba mashine, una plaiwudi katikati ya tabaka mbili za faibaglasi. Ugonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mlio mkavu na mkali ni dalili njema. Mlio mzito uliofifia maana yake mbao imeachana na faibaglasi au imeoza. Hakikisha kwa keekee ya mm 6 upande wa ndani, karibu na tundu la kutolea maji na chini ya bolti za mashine. Unga ukitoka mweupe na mkavu, shukuru. Ukitoka mweusi, unanuka na kushikana vidoleni, ukuta ni wa kubadilisha wote. Usidanganyike na ushauri wa kumimina rezini (gundi ya majimaji inayoganda) kwenye matundu: mbao yenye maji hainywi rezini.

Toboa vivyo hivyo kwenye boriti za sakafuni. Povu la chini ya sakafu likiwa limelowa, ling'oe, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo nzima.

2. Ukuta mpya

Ilaze boti kwenye viti vinavyofuata umbo la tumbo lake, kisha funga ubao kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Ukiondoa ukuta bila ubao huo, mbavu hufunguka na boti hairudi umbo lake tena.

Pima unene wa zamani kabla ya kukata; mara nyingi ni mm 38 hadi 50. Kata tabaka la ndani ukiacha ukingo wa mm 75 pande zote, chimba mbao kwa patasi, kisha sugua tabaka la nje kwa msasa namba 40 mpaka ung'ao uishe. Chora kiolezo kwenye katoni. Kwa unene wa mm 38, gandisha vipande viwili vya plaiwudi ya majini vya mm 19.

Tumia epoksi, kwa sababu hushika faibaglasi iliyokwisha kukauka kuliko rezini ya polista. Lakini usiitumie na mkeka wa nyuzi fupi wa kawaida: gundi inayoshikilia nyuzi zile imetengenezwa iyeyuke ndani ya polista, na kwenye epoksi mkeka hubaki mgumu na wenye mapovu. Chukua kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Paka mbao epoksi nyepesi, hasa kwenye kingo zinazokunywa sana, ungoje inate. Changanya nyingine na unga wa silika mpaka iwe kama siagi ya karanga, isambaze kwa mwiko wenye meno, kisha bana. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kwa njia mbili. Kwanza, mtu hubana kwa nguvu zote na kuisukuma gundi yote nje. Kaza mpaka itokeze kidogo kingoni, basi. Pili, klampu zikibana katikati tu, tabaka la nje hubonyea na mashine haitakaa sawa. Weka boriti nene chini ya klampu na upime kwa rula ndefu kabla gundi haijashika. Changanya kidogo kidogo pia: epoksi nyingi ikikaa kwenye kopo hujipasha moto na kufuka moshi.

Pembe zijaze epoksi nzito na uiviringe kwa nusu kipenyo cha mm 20, kisha bandika tabaka tatu za kitambaa kwa epoksi, kila moja ikipita iliyotangulia kwa mm 50. Epoksi ikikauka huacha utando wa mafuta juu. Uoshe kwa maji na dodoki kabla ya kupiga msasa, la sivyo utausugulia ndani.

3. Tumbo

Pindua boti. Lalisha rula ya alumini ya mita 1.5 kwenye sehemu ya mwisho kuelekea tezi. Tumbo likipinda kuelekea chini pale mwisho, boti huzamisha pua na kukosa mwendo. Likipinda kwenda juu, boti hurukaruka kama pomboo. Jaza au sugua mpaka mwanga usipenye chini ya rula. Ukingo wa nyuma uwe mkali kama kona ya sanduku. Ukiviringika, maji huung'ang'ania na kuvuta boti nyuma.

4. Mashine

Soma kibati cha uwezo wa boti, kinachotaja nguvu ya mashine inayoruhusiwa, kama kipo. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 nguvu ilipimwa kwenye krankshafti, baadaye kwenye shafti ya propela. Kwa hiyo mashine mpya yenye namba ileile ina nguvu zaidi, na ya mipigo minne mara nyingi ni nzito zaidi tezini.

Pima mgandamizo wa kila silinda ukiwa umetoa plagi zote na kufungua kabureta kikamilifu. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, tafuta sababu. Badilisha impela ya pampu ya maji ya kupoza hata ikionekana nzima, pamoja na mipira yote ya mafuta na kiwambo cha pampu ya mafuta. Kiwambo kilichochanika hunyima silinda mafuta, na pistoni huyeyuka kwenye mwendo mkali. Oili ya gia ikitoka kama maziwa, sili zimekufa. Mpya ijazwe kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Kwa mashine ya mipigo miwili, mchanganyiko wa 50:1 ni ml 500 za oili kwa lita 25 za petroli, ila baadhi ya mashine za zamani hudai oili zaidi, kwa hiyo fuata kitabu chake.

5. Usukani

Shika mguu wa mashine, yaani sehemu ya chini yenye propela, mwenzako ashikilie usukani usisogee. Mguu ukicheza, boti hii haiendi mbio. Kebo moja ya zamani haifai: weka kebo mbili zinazovutana, au haidroliki iliyotolewa hewa yote. Swichi ya kamba ya kuzima mashine ni lazima.

6. Kufunga na kutafuta kimo

Toboa matundu ya bolti kwa mm 18, yajaze epoksi nzito, kisha toboa tena kwa kipimo cha bolti. Maji hayataifikia mbao. Tumia bolti nne za chuma kisichoshika kutu, washa pana (pete bapa za kuweka chini ya nati) na kalafati ya polyurethane, si silikoni.

Anza na bamba la kuzuia hewa, lile lililo juu ya propela, likiwa sawa na chini ya tumbo. Funga geji ya shinikizo la maji ya kupoza mashine, kisha pandisha mm 6 hadi 10 kila jaribio. Kila ukipandisha, mguu hupunguza mkokoto na mizunguko huongezeka. Shinikizo likianguka, au propela ikishika hewa kwenye kona, rudi hatua moja.

Propela chagua baada ya kimo, kwa kuwa kimo hubadilisha mizunguko. Gawa mizunguko kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) kwa inchi, kisha kwa 0.001524, utapata km kwa saa bila mtelezo, yaani mwendo unaopotea propela inapoteleza majini. Mizunguko 5,500, gia 2:1 na pichi 21 ni km 88. GPS ikisoma 77, mtelezo ni asilimia 12.5. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kwa takriban 150 hadi 200.

7. Majini

Maji yawe shwari, maboya yavaliwe, kamba ya swichi ifungwe mwilini. Boti ikirukaruka, shusha trimu (pembe ya mashine) au sogeza betri na tangi mbele. Ikianza kuyumba ubavu kwa ubavu, punguza mafuta polepole; ukiachia ghafla pua huanguka na boti hugeuka. Usifukuzane nayo kwa usukani, maana utachelewa kila mara na kuuzidisha myumbo.

Baada ya saa ya kwanza kaza bolti tena, kwani mbao hukaa, kisha mulika tochi kwenye pembe za ukuta wa tezi. Ufa mwembamba kama unywele pale maana yake ni kurudi hatua ya pili.